Mwaka Tulipomshitaki Mpima Mvua

Yaya Tausi, yaani dada mkubwa kwa heshima ya kwetu, alifika kwangu Mikelenge, mjini Kindu, siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, akiwa na godoro lililolowa, sufuria mbili na kuku mmoja aliyefungwa miguu. Mto ulikuwa umeingia kwao Lokandu kwa mara ya pili katika miaka michache, na safari hii haukuishia uani. Uliingia chumbani, ukapanda hadi usawa wa dirisha, ukaikalia nyumba ya binti yake majuma mawili, na ulipotoka ulitoka na ukuta mzima wa nyuma. Binti na wajukuu walikuwa wamelala shuleni pamoja na watu wengine, na yeye, kwa kuona kwamba nafasi ni ndogo, alipanda mtumbwi wa mota akaja Kindu pamoja na wenye ndugu Kindu. Yeye hakuwa na ndugu huku. Alikuwa na mimi, na tulikuwa hatujaonana kwa miaka zaidi ya ishirini. Alisimama mlangoni bila kuingia, akasema, "Mudogo wangu, sijui kama utanikubali." Nilimpokea godoro nikalitandaza juani, nikaweka maji ya chai motoni, na kwa siku tatu tulizungumza habari za mto tu: ulivyokuja, nani alipoteza nini, samaki walivyoogelea juu ya mihogo ya watu. Habari za mwaka ule hatukuzigusa. Lakini kila alipoinama kupepeta mchele uani kwangu, niliona mgongo uleule niliouona kwenye mkeka wa shefu wa karitye, yaani mkuu wa mtaa wetu, na nilijua kwamba mmoja wetu atalazimika kuanza.

Mimi ni mwalimu wa kilimo. Asubuhi nafundisha shule ya sekondari, mchana nazunguka na vikundi vya akina mama wanaolima mpunga, na watu wakiniuliza nilianzia wapi kazi ya kufuatilia mvua huwa nawajibu kwamba nilisoma. Ni kweli nilisoma, lakini baadaye. Nilianzia katika nyumba ya mzee tuliyemwita Papa Issa, katika mwaka mmoja wa vita, nilipokuwa na miaka ishirini na moja, na nilianza kwa kumtendea ubaya.

Mwaka ule mji ulikuwa umefungwa. Waasi walikuwa wameshika Kindu, na wapiganaji wa porini walikuwa wameshika msitu wote unaouzunguka, na kila upande ulimwona mtu anayevuka balyeri, yaani kizuizi cha njiani, kuwa mpelelezi wa upande mwingine. Wanawake waliojaribu kwenda mashambani mwao hawakurudi, au walirudi hawataki kusema. Kwa hiyo mihogo yetu ilikuwa inaoza ardhini mwendo wa saa mbili kutoka mjini, na sisi mjini tulikuwa tunakula majani. Mimi nilikuwa nimetoka upande wa Kailo kutafuta nafasi katika shule ya ualimu, barabara ikafungwa nyuma yangu, na shule nayo ikafungwa mbele yangu. Mke wa Papa Issa, Mama Sifa, alinikuta sokoni nikijaribu kuuza nguo yangu ya pili. Akaniambia nguo nibaki nayo, nimfuate.

Nyumba yao ilikuwa ya matofali mabichi, vyumba vitatu, karibu na reli ambayo haikuwa na treni. Watoto wao wote walikuwa mbali, na vita vilikuwa vimewakatia njia hukohuko waliko. Nilipewa chumba cha nyuma kilichopakana na jiko, na juu ya kichwa changu, kwenye miti iliyopita hadi jikoni, yalining'inia masuke ya mpunga wa mbegu, yakila moshi ili yasiliwe na wadudu. Nilikuwa nalala njaa chini ya mpunga. Mara nyingine niliamka nikakuta punje mbili tatu zimeanguka kwenye shuka, nikazirudisha, na mara moja sikuzirudisha. Chakula chetu kilikuwa kimoja kwa siku, saa tisa: sombe, yaani majani ya muhogo, isiyo na mawese, muhogo wa kuchemsha ukipatikana, na chumvi ambayo Mama Sifa aliifunga kwenye pembe ya kitenge chake kama dawa. Baada ya hapo tulikunywa maji ya mchaichai bila sukari, na Papa Issa aliyanywa taratibu, akishika kikombe kwa mikono miwili, kama mtu aliyekuwa na muda.

Kabla ya vita alikuwa mtumishi wa kituo cha hali ya hewa kando ya uwanja wa ndege. Askari wa waasi walipokichukua kituo, aliomba ruhusa akachukua kitu kimoja tu: kipima mvua, mtungi mwembamba wa bati wenye mdomo wa faneli, na kichupa cha kioo chenye mistari. Aliusimamisha kwenye nguzo katikati ya ua, mbali na paa na mbali na miti. Kila siku saa mbili kamili asubuhi alitoka amevaa shati lenye vifungo vyote, akafungua mtungi, akamimina maji katika kichupa kama yalikuwapo, akakiinua mpaka usawa wa jicho, kisha akaandika katika kaye, daftari lake. Kama hapakuwa na maji aliandika sifuri. Miezi ya kiangazi aliandika sifuri siku baada ya siku kwa mwandiko mzuri uleule. Hakukuwa na mtu wa kumpelekea. Redio ya kituo ilikuwa imeibiwa, mshahara ulikuwa umesahauliwa. Nilimwuliza siku moja kwa nini anaendelea, na nilitegemea jibu kubwa. Alisema akiruka siku moja hesabu ya mwezi mzima inaharibika.

Mwezi wa nane askari walikubali wanawake wa karitye yetu walime ukanda wa ardhi kando ya reli, mahali ambapo wao wenyewe waliweza kutuona. Tulikata nyasi, tukachoma, tukageuza udongo. Kila nyumba ilikuwa na mbegu kidogo, nyingine ekopo tatu nne tu, ile ekopo ndogo ya kupimia sokoni. Mwanzoni mwa mwezi wa tisa mvua ilinyesha, mvua ya nguvu ya mchana mzima, na kesho yake wanawake wote walikuwa shambani na mbegu zao, wanaimba. Mimi nilikuwa nimeshateremsha masuke. Papa Issa alikuja jikoni na kaye mbili mkononi, ya zamani na ya karibuni, akaketi kwenye kigoda, akamwonyesha mkewe. Zamani, alisema, mvua ya kwanza ilikuwa inavuta ya pili na ya tatu. Lakini miaka ya karibuni imebadilika: mvua ya kwanza inakuja, halafu jua linarudi, mara nyingine majuma mawili, mara nyingine zaidi. Hakusema mwaka huu itakuwa hivyo. Alisema tu kwamba mara nyingi sasa inakuwa hivyo, na kwamba mbegu ni hii moja. Mama Sifa alikung'uta majivu mikononi. Kisha akaniambia niyarudishe masuke juu. Nilikasirika mpaka machozi yakanitoka, kwa sababu ya njaa, na kwa sababu wanawake wengine walikuwa wanaimba.

Yaya Tausi alikuwa jirani yetu wa nyumba ya tatu. Alikuwa na miaka kama thelathini, mume wake alikuwa amechukuliwa kubeba mizigo ya askari na hakurudi, na alikuwa na mtoto mmoja wa kike wa miaka mitatu. Alikuwa na sauti nzuri, njo yeye, yaani ndiye, aliyeanzisha nyimbo shambani. Siku chache baada ya kupanda tulikutana kwenye chemchemi, tukisubiri ndoo zijae, akaniuliza kwa nini kwetu hatupandi, Mama Sifa ni mgonjwa? Hapo njo nilipofanya nilichofanya. Ningeweza kusema kweli, kwamba mzee anaogopa jua linaweza kurudi. Lakini nilikuwa mgeni katika mji ule, msichana wa kulishwa, na mbele ya wanawake sita hivi niliona nafasi ya kuwa mtu wa nyumba yenye siri. Nikasema, "Papa ameshaangalia ndani ya kile kitu chake. Amesema mvua haitakuja." Walinyamaza. Nilikipenda kile kimya. Nikaongeza kwamba yeye hakosei.

Na mvua haikuja. Siku kumi, siku kumi na tano. Mpunga ulikuwa umeota, vijani vidogo vya rangi nzuri, na tuliutazama ukigeuka njano, kisha ukalala. Wanawake walijaribu kubeba maji kutoka chemchemi kwa ndoo, lakini askari mmoja alisema wanazunguka mno, akakataza. Siku ya ishirini hapakuwa na kitu cha kumwagilia. Mtoto wa yaya Tausi alianza kuvimba miguu, nywele zake zikawa na rangi ya kutu. Na katika karitye nzima, nyumba moja tu ilikuwa bado na mbegu, ikining'inia kwenye moshi. Maneno yangu ya chemchemi yalikuwa yametembea, yakaota miguu na mikono. Sasa watu walisema mzee ana mtungi, kila asubuhi anaufungua na kuangalia, halafu anaandika. Kama anajua mvua haitakuja, ni kwa sababu ameifunga mwenyewe. Wengine walisema ameifungia humohumo ndani. Wengine walisema askari wamemlipa. Watu waliacha kujibu salamu yake akitoka msikitini.

Asubuhi ya siku tulipoitwa kwa shefu, kwa mashitaka ya yaya Tausi, niliamka mapema nikasikia Papa Issa na mkewe wakizungumza jikoni, upande wa pili wa ukuta. Mzee alikuwa ametoka kusali alfajiri. Mama Sifa alikuwa anamsihi kwa sauti ya chini ataje siku yoyote, aseme Ijumaa, aseme mwezi ukiandama, maana mvua haitakawia milele, na watu wanataka tu kusikia siku. Alikuwa analia kidogo. Nikasikia Papa Issa anachochea moto. Kisha akasema, "Nikitaja siku, nitakuwa nimekubali kwamba mimi njo ninaileta." Mama Sifa akasema basi watamuua. Yeye akasema labda hapana, ni majirani. Nilikuwa nimeketi kitandani, magoti kifuani, na nilijua kabisa kwamba hatua nne tu zilikuwa kati yangu na mlango wa jiko. Sikuzipiga.

Kwa shefu walikuwa wamekusanyika watu wengi kuliko nilivyotegemea. Shefu mwenyewe hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye hofu aliyelazimika kukaa kwenye kiti. Yaya Tausi aliketi mkekani na mtoto mapajani, amempa mgongo Papa Issa, aliyeketishwa mkeka uleule kama mshitakiwa. Alisema kwamba yeye hana ugomvi na mzee, mkewe alimsaidia alipojifungua, lakini mbegu yake imekufa na mtoto wake anakufa, na kuna mtu katika karitye aliyejua kabla. Shefu akamwuliza nani alimwambia kwamba mzee alijua. Nilikuwa nimesimama nyuma ya Mama Sifa. Yaya Tausi alinyanyua kichwa, akanitazama mimi, macho yetu yakakutana, akayaondoa. "Watu wote ku chemchemi wanasema," akajibu.

Papa Issa alipopewa nafasi hakusema mengi. Alieleza kile kitu ni nini, kwamba kinapokea maji, hakiyashiki mbinguni. Watu wakaguna. Mtu mmoja akamwambia basi aseme mvua inakuja lini, kama yeye ni mtu wa kipimo. Hata shefu aliinama mbele, na nadhani alikuwa anamwombea ataje siku. Papa Issa akasema, "Mimi sijui mvua itakuja siku gani. Ninajua tu ile ilishakuja." Vijana wakaondoka hapohapo bila kungoja uamuzi, tukawafuata mbio mpaka uani kwetu. Waling'oa nguzo. Mzee alijaribu kuukumbatia mtungi, na mmoja alishusha mchi wa kutwangia, sijui kama alilenga bati au mkono. Tulisikia mfupa. Walipoona mkono umening'inia vibaya waliogopa, maana kweli walikuwa majirani. Wakaponda bati haraka haraka, mtu akasema imetosha, wakatoka. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mlango wa jiko na ndoo mkononi. Sikumbuki niliichukua ya nini.

Mchana ule Mama Sifa alimfunga mumewe mkono kwa vipande vya mwanzi na kitambaa alichokipasua kutoka kitenge chake cha sikukuu. Alipomaliza aliteremsha masuke yote ya mbegu, akayapura juu ya mkeka, akaanza kugawa mafungu. Nilimwuliza anafanya nini. Alisema tukila peke yetu karitye itatuchoma, na zaidi ya hayo yule mtoto wa Tausi hana kosa. Yalikuwa ni mambo mawili, hofu na huruma, na hakujisumbua kuyatenganisha. Nimeishi na watu wengi wema tangu wakati ule, na wengi wao walikuwa wema kwa namna hiyohiyo, wakiwa na sababu zaidi ya moja. Papa Issa, akiwa amelala ubavu kwa maumivu, alimwambia awaeleze wanawake wasipande zote siku moja. Wagawe mara tatu. Fungu la kwanza mvua ikirudi, la pili baada ya juma, la tatu baada ya juma jingine, ili jua likirudi lisikute kila kitu. Tulianza na nyumba ya yaya Tausi. Alipokea mbegu kwa mikono miwili, na Mama Sifa hakungoja shukrani. Fungu lake lilikuwa na nyongeza kidogo, ya kumpikia mtoto uji.

Kesho yake, robo kabla ya saa mbili, Papa Issa alitoka uani amevaa shati lake, vifungo vyote vimefungwa ila vya mkono uliovunjika. Akasimama mbele ya shimo la nguzo. Sikuweza kumwangalia. Niliingia ndani nikatafuta kopo tupu la maziwa ya unga, nikamletea. Aliligeuza kwa mkono wa kushoto, akapitisha kidole kuona kama pande zimenyooka toka juu hadi chini, akasema linafaa, rula ya shule itatosha. Kisha akanipa biki. Mkono wake wa kuandikia ulikuwa umefungwa, kwa hiyo niliandika mimi: tarehe, na sifuri. Niliandika hivyo asubuhi kumi na mbili. Siku hiyohiyo ya kumi na mbili mvua ilinyesha wakati wa adhuhuri, watu wakatoka nje wakasimama ndani yake na nguo zao. Kesho yake asubuhi niliingiza rula ndani ya kopo, na kwa furaha nikaona maji yamegusa mstari mmoja, karibu na mwingine mkubwa, nikaandika ule mkubwa. Papa Issa alichukua rula akapima tena mwenyewe. Alirudisha kaye kwangu, akasema polepole, bila hasira, "Mutoto wangu, usiandike zaidi ya ile uliona. Na usiseme zaidi ya ile ulisikia." Nilielewa kwamba anajua. Sijui alijua tangu lini. Nilikata kile nilichoandika, nikaandika kilichokuwapo, na hatukuzungumza jambo hilo tena mpaka alipofariki, kitandani kwake, vita vikiwa vimekwisha na treni imesharudi.

Mpunga wa fungu la kwanza nusu yake ulikufa, maana jua lilirudi tena. La pili lilishika. La tatu lilikuja vizuri kuliko yote. Hatukushiba mwaka ule, nisidanganye, lakini kila nyumba ilipata mbegu ya kurudisha juu ya moto wake, na mtoto wa yaya Tausi nywele zilirudi kuwa nyeusi. Njia zilipofunguka, mama yake alimbeba akarudi naye kwao Lokandu. Hakuja kuaga. Nilijua kwa nini, au nilidhani najua.

Miaka mingi baadaye kijana mmoja msomi alikuja kutoka Kinshasa na kompyuta yake, akitafuta kumbukumbu za mvua za mkoa wetu wa Maniema. Mama Sifa alikuwa ameniachia zile kaye. Kijana alizipiga picha ukurasa kwa ukurasa juu ya meza yangu ya kulia, siku nzima, akaniambia kwamba miaka ya vita ina shimo karibu kila mahali alikopita. Akauliza kwa nini hapa mwandiko unabadilika. Nikamjibu kwamba mwandikaji alivunjika mkono. Nilimpa jibu fupi nilipokuwa na refu, na usiku wake sikulala vizuri.

Kwa hiyo siku ya nne, tulipokuwa tunachambua mboga, nilimwambia yaya Tausi. Nilisema kwamba maneno ya chemchemi yalikuwa yangu, mzee hakusema vile, niliongeza mimi. Aliendelea kuchambua. Akasema, "Najua, mudogo. Mimi njo uliambia." Nikamwuliza kwa nini basi hakunitaja kwa shefu. Alisema nilikuwa mtoto wa watu, sina mama pale, na wale vijana walikuwa wameshikwa na wazimu wa njaa. Mzee aliheshimiwa, na yeye Tausi alidhani watamwogopa. Alikosea. Kwa miaka yote hiyo, akasema, alidhani ni mimi niliyemchukia kwa kumpeleka mzee pale. Ndiyo maana hakuaga. Tuliketi na mboga katikati yetu, wanawake wawili wenye mvi, kila mmoja alikuwa amemkimbia mwenzake kwa kosa lake mwenyewe.

Halafu akaniuliza swali, kwa sababu mimi ni mwalimu. Kama si mzee aliyefunga mvua mwaka ule, na mwaka huu njo imefunguka yote pamoja mpaka imebeba nyumba ya mtoto wake, basi ni nani? Nilimweleza kadiri ninavyojua. Nilisema kuhusu mwaka ule mmoja siwezi kuapa, jua la namna ile linaweza kuja lenyewe. Lakini miaka ikiwekwa pamoja inaonyesha jambo. Viwanda, magari, ndege, misitu inayochomwa. Moshi wa vitu hivyo haupotei, unakaa juu, na dunia inakuwa kama jiko lililofungwa mlango na dirisha huku moto unawaka ndani. Joto linavuruga mvua. Inakawia, na ikija inakuja kwa pupa. Aliuliza kama moshi wa jiko letu umo. Nilisema kidogo sana, na miti tunayokata imo zaidi, lakini sehemu kubwa ni ya nchi za mbali, za watu ambao hawajawahi kusikia jina la Lokandu.

"Kumbe wenye kosa walikuwako," alisema. "Sisi tulishika tu mwenye hakuwa nalo."

Juma lililofuata wageni wa mradi walikuja kukutana na vikundi vyetu, nikaenda naye. Walikuwa na picha ukutani na maneno mazuri kuhusu kuzoea mabadiliko ya hali ya hewa: kupanda kwa mafungu, kujenga mbali na ukingo, kuchagua mbegu ya muda mfupi. Wanawake waliandika. Mwishoni, mgeni mkuu, mtu mpole mwenye miwani, aliuliza kama kuna swali. Yaya Tausi alisimama, akarekebisha kitenge chake, akaeleza kwa sauti yake ile nzuri kwamba huku, zamani za vita, mtu akishukiwa kufunga mvua aliitwa kwa shefu, akaketishwa mbele ya watu, akaulizwa. Alisema yeye mwenyewe alimwita mtu hivyo, na mtu huyo alivunjwa mkono, na hakuwa na kosa. Sasa ameambiwa wenye kosa wanajulikana na nchi zao zinajulikana. "Hao," aliuliza, "nani ameshawaita?"

Baadhi ya wanawake walicheka, halafu wakaacha. Mgeni alivua miwani, akaifuta. Alisema kuna mikutano mikubwa, kila mwaka, ambako nchi zinaitana. Yaya Tausi akamwuliza kama wenye kosa wanaketi mkekani au kwenye viti. Mgeni alitabasamu kwa huzuni, akasema wanaketi kwenye viti. Yaya Tausi akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata alichokuwa anakidhania, akamshukuru kwa adabu, akaketi. Kisha akamwinamia mama aliyekuwa kando yake akauliza kama mbegu zitagawiwa kabla ya saa sita, maana mtumbwi wa Lokandu ulikuwa unaondoka saa saba, na binti yake alikuwa amepata kiwanja juu, mbali na mto, nyuma ya shule, ambacho hakijafyekwa bado.